Kadenge Yupo Manyatta

Simama jioni karibu na Kona Legio, Manyatta, utazame watoto wakicheza. Mpira ni wa matambara yaliyofungwa kamba, maana ule wa juala umekuwa adimu tangu marufuku ya 2017. Mtoto akilamba wawili chenga, kuna mzee kando ya njia atapaza sauti: "Kadenge na mpira!"

Sasa hebu fikiria. Huu ni mtaa wa Gor. Hapa jezi ni kijani, na Ingwe ni wa kuchekwa tu. Lakini Joe Kadenge hakuwa wa K'Ogalo. Alikuwa nyota wa Abaluhya FC, mtu wa Vihiga, huko juu ukipita Mamboleo na Kiboswa.

Alifikaje huku? Kwa redio. Televisheni ilianza Kenya 1962, lakini nyumba ngapi zilikuwa nayo? Watu walimsikiliza Leonard Mambo Mbotela wa Sauti ya Kenya. Yeye alikupa jina la mwenye mpira. Chenga ulijichorea mwenyewe kichwani. Ndiyo maana kila mzee ana Kadenge wake, na huwezi kumbishia.

Timu za wakati huo zilibeba makabila waziwazi. Luo Union ilitwaa ligi 1964, Abaluhya 1966 na 1967, kisha Gor ikazaliwa 1968 na kuchukua kombe mwaka huohuo. Ila Kadenge alipovaa jezi ya Kenya, Kondele na Mbale walishangilia chenga ileile. Mwaka 1980 serikali iliagiza majina ya kikabila yaondolewe: Abaluhya ikawa AFC Leopards, Luo Union ikawa Re-Union. Sawa, majina yalibadilika. Kwangu mimi, maneno matatu ya mtangazaji yalikuwa yamefanya kazi kubwa kuliko agizo lile, na bila kumlazimisha mtu.

Kinachouma ni pesa. Jina lililojaa redio nzima halikumpa mwenyewe maisha ya raha. Soka ya enzi hizo haikulipa, na baada ya kutundika viatu Kadenge aliendesha teksi Nairobi. Pengine kuna abiria aliyebishana naye bei bila kujua ni nani ameshika usukani.

Alifariki Julai 7, 2019. Mtoto wa Kona Legio hakuwahi kumwona. Ukimwita Kadenge hageuki kuuliza ni nani huyo, anaongeza mbio tu.