Muziki wa Sebuleni: Kutafuta Jina la Muziki wa Watu Wachache

Ukitaja kinanda pale Mpui, kwenye nyanda za juu za Ufipa, watu wataelewa ala ya umeme inayoongoza kwaya Jumapili, si piano. Ukitaja utatu, wengi watafikiria kwanza Utatu Mtakatifu, maana Ukatoliki una mizizi mirefu upande huu: Mapadre Weupe walikabidhiwa kituo cha Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na imani ikapanda kutoka ziwani hadi Ufipa. Ukiandika selo, msomaji ataona mahabusu ya polisi. Basi mtu anayetaka kumweleza msikilizaji wa Mpui kwamba rekodi inayosikika ni ya piano, fidla na ile ala kubwa ya nyuzi inayoshikwa katikati ya magoti, amekwama kabla hajaanza. Maneno yaliyo karibu naye yameshapewa kazi nyingine. Ugumu unazidi akitaka kutaja aina nzima ya muziki huo, ule ambao Wazungu wanauita muziki wa chumba. Hoja ya makala haya ni kwamba Kiswahili kinalo jina linaloufaa, nalo ni muziki wa sebuleni, na kwamba rekodi ndizo zinazotupa ushahidi mzito kuliko wote wa kulikubali.

Tuanze na asili ya jina lenyewe. Katika karne ya 17 Waitalia waligawa muziki kwa mahali unapopigwa: wa kanisani, wa jukwaa la maigizo, na wa chumba. Huu wa tatu waliuita musica da camera. Neno hilo camera ndilo lililotupa kamera ya kupigia picha, kwa sababu kamera ya kwanza ilikuwa chumba chenye giza kilichoingiza mwanga kwa tundu dogo. Chumba kilichokusudiwa kwenye muziki hakikuwa cha kulala. Kilikuwa chumba cha jumba la mtawala au tajiri, mahali pa kukaribisha wageni wachache na kuwasikilizisha. Baadaye maana ilihama kutoka kwenye mahali hadi kwenye mpangilio wa wapigaji: ni muziki wa watu wachache, kwa kawaida kila mmoja na sehemu yake peke yake, pasipo mtu wa mbele anayeongoza kwa mkono. Mwanakwaya yeyote wa Ufipa anaelewa jambo hili kwa lugha yake ya mazoezini, kushika sauti. Katika kwaya watu kumi wanashika sauti ya kwanza, na mmoja akipotea wenzake wanamfunika. Katika trio, yaani kundi la wapigaji watatu, kila sauti imeshikwa na mtu mmoja. Akinyamaza, pengo linasikika. Akikaza mno, wenzake wanazama.

Njia rahisi ingekuwa kutafsiri neno kwa neno na kusema muziki wa chumbani. Lakini Kiswahili kimeshakifanya chumbani kuwa mahali pa kulala na pa faragha ya mke na mume, ndiyo maana tunasema mambo ya chumbani na kila mtu mzima akaelewa. Jina hilo lingeuhamishia muziki huu maana ambayo hauna. Njia ya pili ni kukopa kwa matamshi: muziki wa chemba. Hapa tatizo ni kwamba chemba nayo ni neno hai. Ni shimo la maji taka lenye mfuniko, na pia ni pembeni, pale unapomwita mtu chemba ili umwambie neno lisilopaswa kusikiwa na wengine. Maana hii ya pili inakaribia kidogo, kwa kuwa ina watu wachache na mazungumzo, lakini anayeitwa chemba anafichwa, wakati muziki huu ulitungwa kwa ajili ya wageni walioalikwa. Kuna watakaopendekeza baraza, neno zuri linalopendwa. Baraza lakini liko nje, mpita njia huchangia na kuondoka, na siku hizi linaleta pia sura ya wazee wa kata au ya mawaziri. Tunajifunza pia kutokana na istilahi zilizotangulia: ngamizi haikuishinda kompyuta, lakini barua pepe ilikubalika upesi kwa sababu iliundwa na maneno mawili ambayo kila mtu alikuwa nayo mdomoni, na maana yake ilijieleza yenyewe.

Sebule ni neno la namna hiyo. Ni chumba cha kupokelea wageni, na halihitaji maelezo Unguja wala Sumbawanga. Ndani ya neno hilo kuna nusu ya maana tunayoitafuta: nyumba ya mtu, wageni wachache waliokaribishwa, viti vinavyotazamana, na mazungumzo ambayo kila aliyeketi anatazamiwa kuyasikia. Wala kuita muziki kwa mahali wanapoketi wapigaji si tabia ya Waitalia peke yao. Waarabu wa Misri waliliita kundi dogo la udi, kanuni, nai, fidla na rika kwa neno takhti, ambalo asili yake ni jukwaa la kukalia. Ndiyo aina ya kundi iliyo kwenye mizizi ya taarabu yetu. Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, aliuleta muziki wa Misri kwenye jumba lake, na anakumbukwa kwa kumtuma Mohamed Ibrahim kwenda huko kujifunza kanuni. Mwaka 1905 kikaanzishwa chama cha Ikhwani Safaa, na muziki ukatoka jumbani ukaingia kwa wanachama. Katikati ya karne ya 20 vikundi vikakua kwa mtindo wa firka za Kairo, yaani makundi makubwa, fidla zikaongezeka, akodiani na besi zikaingia. Ni safari ile ile ya Ulaya, kutoka kundi dogo la jumbani hadi okestra. Mtu anayesema kwamba kutafuta istilahi hii ni kuhangaikia jambo la wageni anasahau kwamba bila istilahi hiyo tunashindwa hata kueleza jambo letu wenyewe: tofauti iliyopo kati ya takhti na firka.

Sasa tuje kwenye rekodi. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wapigaji wake walisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili kwa nembo ya HMV. Mwaka huo huo, kwa nembo hiyo hiyo, mpiga piano Alfred Cortot, mpiga fidla Jacques Thibaud na Pablo Casals, bingwa wa ile ala ya magotini, walirekodi huko London trio ya mtunzi Beethoven inayojulikana kama ya Archduke, iliyotungwa mwaka 1811 na kutunukiwa mwanafunzi na mfadhili wake, Archduke Rudolph. Santuri zote hizo zilizunguka kwa kasi ya mizunguko 78 hivi kwa dakika, kila upande ukibeba dakika chache tu. Wimbo wa Siti ulibidi ufupishwe uenee. Kazi ya Beethoven ya dakika arobaini hivi ilikatwa vipande, na msikilizaji akawa anainuka kugeuza sahani katikati ya usemi wa wapigaji. Mashine moja iliyoketi kwenye sebule ya Unguja ingeweza kuzicheza zote mbili. Hata neno santuri lina undugu na habari hii: linatokana na jina la ala ya nyuzi nyingi zinazogongwa kwa vijiti, na piano nayo ni nyuzi zinazogongwa, ila kwa nyundo ndogo zilizofichwa ndani ya sanduku.

Rekodi hizo zilifanya jambo ambalo waandishi wengi wa muziki hawalipi uzito wake. Kabla ya santuri, familia za Ulaya zenye piano zilinunua karatasi za nota na kupiga trio zenyewe nyumbani. Beethoven mwenyewe aliipanga simfonia yake ya pili kwa piano, fidla na ile ala ya Casals, ili kazi ya okestra iweze kuingia sebuleni. Katika karne ya 19 mabingwa waliupeleka muziki huu kwenye kumbi kubwa za kulipia kiingilio, na wasikilizaji wakakaa mbali, safu baada ya safu. Santuri, kisha kanda, diski na sasa simu, zimeurudisha muziki kwenye chumba cha mtu. Msikilizaji wa Mpui, usiku wa baridi ya Juni, milango imefungwa na barabara ya Sumbawanga na Tunduma imetulia, yuko karibu na hali ya awali ya muziki huu kuliko mtu aliyekaa safu ya arobaini ya ukumbi mkubwa. Kwa hiyo tunaposema muziki wa sebuleni tunataja mahali unapoishi leo.

Jina likikubaliwa, linafundisha pia namna ya kusikiliza. Chukua sehemu ya pili ya trio hiyo ya Archduke. Inaanza na ala ya nyuzi nzito ikiwa peke yake, inapanda ngazi ya sauti kwa hatua nyepesi, fidla inajibu, piano, yenye nguvu kuliko zote, imenyamaza kabisa na kusubiri zamu yake. Asiyejua hili atadhani rekodi ina kasoro. Anayejua kwamba yuko sebuleni kwa watu atatambua adabu ya mazungumzo: mwenye sauti kubwa ametulia mpaka wenzake wamalize. Hapo chombo cha kusikilizia kina maana. Uzi mzito kabisa wa ala hiyo hutetema mara 65 hivi kwa sekunde, na spika ndogo ya simu haina uwezo wa kuutoa vizuri, hivyo mmoja wa wazungumzaji watatu anapotea. Sabufa iliyofunguliwa mno ina kosa la upande wa pili: inauvimbisha mkono wa kushoto wa piano hadi unamfunika yule yule. Vipokea sauti vya masikioni vya kawaida, au sabufa iliyopunguzwa, hutenda haki zaidi. Na anayepata rekodi mbili za kazi moja alinganishe. Kwa Thibaud utasikia fidla ikiteleza kutoka noti hadi noti, kama mwimbaji. Vizazi vilivyofuata viliacha sana mtelezo huo. Miongoni mwa vizazi hivyo ni kundi la Beaux Arts Trio, lililoanza mwaka 1955 na kudumu hadi 2008. Wapigaji wa nyuzi walibadilika mara kadhaa, lakini Menahem Pressler alibaki kwenye piano miaka yote 53, kama mwenye nyumba anayepokea wageni wapya.

Yapo maneno mawili madogo ya kukamilisha. Tukisema trio ya piano, msomaji ana haki ya kufikiri piano tatu, kwa sababu kwa mantiki hiyo hiyo kundi la fidla ni fidla nyingi. Kiswahili kina dawa yake: -enye. Trio yenye piano haina utata, na piano ibaki kwa jina lake la kukopa, kinanda kiachiwe kwaya. Nayo ala ya magotini tuiite chelo, kwa kufuata matamshi ya Kiitaliano, tuiepuke selo.

Pingamizi lenye nguvu zaidi linatoka ndani ya fani yenyewe. Mtu anaweza kusema: kwa nini tutaje chumba, wakati sifa halisi ni kila mpigaji kushika sauti yake? Tuuite basi muziki wa sauti moja moja. Wazo hilo linavutia mpaka tufike kwa mtunzi Haydn. Katika trio zake, zinazokaribia 45, chelo kwa sehemu kubwa inafuata mkono wa kushoto wa piano, noti kwa noti, na wachapishaji wa enzi hiyo waliziuza kama sonata za piano zenye kusindikizwa. Ni polepole, kuanzia na trio tatu za Beethoven alizochapisha Vienna mwaka 1795 kama kazi yake namba moja, chelo ilizidi kupata uhuru wake. Jina la sauti moja moja lingewafungia nje akina Haydn, ingawa hakuna anayetilia shaka kwamba trio zao zilitungwa kwa wapigaji wa nyumbani. Sebule inawapokea wote.

Pingamizi jingine ni la kijamii: kwamba sebule ni ya mwenye nafasi, na katika nyumba nyingi za vijijini watu huketi jikoni penye moto. Ni kweli, na asili ya muziki huu ni majumba ya wakubwa. Jina halipaswi kuificha historia hiyo. Lakini sebule kwa Kiswahili haipimwi kwa ukubwa wa chumba wala wingi wa makochi. Ni pale mgeni anapoambiwa karibu, keti. Wengine watahofia kwamba muziki wa sebuleni utaeleweka kuwa muziki wowote unaolia nyumbani huku watu wakila. Hofu hiyo inaondolewa na matumizi. Walimu wa muziki, watangazaji na waandishi wakilitumia kwa maana moja, maana hiyo itakaa, kama mubashara ilivyokaa kwenye matangazo baada ya kuwa neno geni kwa wengi.

Istilahi inakubalika pale mtu anapoitumia bila kusita na mwenzake akaendelea na mazungumzo. Mwalimu wa kwaya wa Mpui akiwaambia vijana wake, leo tusikilize muziki wa sebuleni, trio yenye piano, kila mmoja afuate sauti moja mpaka mwisho, watajua pa kuketi, watajua wawe kimya namna gani, na watajua wanatafuta nini. Kijana wa besi atafuata chelo. Ikinyamaza atasubiri, na ikirudi ataitambua.