Disketi Tupu na Amri ya INIT

Kitu kipya si lazima kiwe kitu tayari. Disketi iliyonunuliwa kwa ajili ya kompyuta ya Apple II ilikuwa safi na bubu. Haikuwa na mlango wala chumba cha kuwekea neno. Aliyetaka kuitumia alipaswa kwanza kuijengea mipaka.

Kompyuta hiyo ilitolewa Marekani mwaka 1977, na mwanzoni ilihifadhi kazi katika kanda za kaseti, zilizokwenda polepole na kukosea mara kwa mara. Mwaka 1978 kikaja chombo cha disketi, Disk II, kilichobuniwa na Steve Wozniak. Vyombo vingi vya wakati ule vilitegemea tundu la disketi ili kujua pa kuanzia. Wozniak aliliacha tundu, akatia alama za mwanzo katika maandishi yenyewe ya sumaku. Vipuri vikapungua, na mzigo wa kuchora mipaka ukaiangukia programu.

Mzigo huo ulibebwa na amri moja, INIT. Katika DOS 3.3 ya mwaka 1980, amri hiyo iliigawa disketi katika njia 35 za duara, na kila njia katika mafungu 16 ya baiti 256, yaani baiti 143,360 kwa jumla. Njia tatu za kwanza zilichukuliwa na DOS, na moja ikawa ya orodha ya mafaili. Mwenye disketi alibakiwa na njia 31. Programu iliyokuwamo katika kumbukumbu saa hiyo, ambayo kwa desturi iliitwa HELLO, iliandikwa ili iwe ya kwanza kutenda kazi.

Apple II Plus ya mwaka 1979 ilipowashwa, programu ya baiti 256 iliyokaa katika kadi ya chombo ilisoma fungu la kwanza. Fungu hilo likaita mengine, hata DOS yote ikaingia. Mdogo alimwamsha mkubwa.

Lakini INIT haikuuliza mara mbili. Disketi yenye kazi ya mwaka mzima, ikitiwa kwa kosa, ilifutwa sawasawa na ile tupu. Kinga ilikuwa kuziba pengo la ubavuni kwa kipande cha karatasi ya gundi.

Sumaku hufifia kwa miaka. Njia za kwanza zikiharibika, disketi haiwezi tena kuamsha mashine. Hata hivyo, mashine ikiamshwa kwa disketi nyingine, yaliyomo huenda yakasomeka. Basi mtunza kumbukumbu asiitupe upesi: kuharibika kwa mlango si kuanguka kwa nyumba.