Kosa Halikuwa Sebuleni

Jumapili ya 12 Mei 2024 nilimgombeza mdogo wangu kwa kosa lililotokea baharini.

Dada yetu anafanya kazi za ndani Muscat, na nafasi ya kupiga simu ya video huipata Jumapili tu. Asubuhi ile mama alishajifunga kitenge kipya, simu ameiegemeza kwenye chupa ya chai. Waifai ilionyesha mistari yote, lakini picha haikuja. Nikamgeukia mdogo wangu: "Umemaliza bando kwa michezo yako!" Akaapa. Akaenda kununua jingine kwa akiba yake. Wapi. Nikazima ruta, nikaiwasha, nikabadili waya. Wapi.

Ndipo nikafungua kompyuta nikaandika neno moja: ping.

Programu hiyo ndogo ina historia yake. Desemba 1983, Mike Muuss, mtaalamu katika maabara ya jeshi la Marekani huko Maryland, alikuwa anasumbuliwa na mtandao wenye hitilafu. Akaiandika ping kwa jioni moja. Jina alilitoa kwenye mlio wa sonari: nyambizi hutoa sauti, sauti hugonga kitu na kurudi, na muda wa kurudi hueleza umbali. Ping nayo hutuma ujumbe mfupi, kama kupiga hodi, kisha hupima jibu limechukua milisekunde ngapi. Cha kuchekesha, Muuss alipokuwa tayari kuijaribu, hitilafu iliyomsukuma kuiandika ilikuwa imeshapatikana na kurekebishwa. Alifariki mwaka 2000 kwa ajali ya gari. Ping bado imo karibu katika kila kompyuta.

Matumizi yake ni rahisi: unaanza kupiga hodi karibu, kisha unakwenda mbali. Nilianza na ruta. Ikajibu kwa milisekunde mbili. Basi ndani ya nyumba hapakuwa na tatizo. Nikajaribu seva ya nje: kimya. Nyingine: kimya.

Baadaye tukapata habari. Nyaya za EASSy na Seacom zilikuwa zimekatika chini ya bahari, kusini huko, kati ya Afrika Kusini na Msumbiji. Kabla ya Seacom kuanza kazi mwaka 2009, Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti, ghali na za kukokota. EASSy ikafuata 2010. Nyaya hizo zilituzoesha vizuri hadi tukasahau kwamba zipo.

Kinachonisumbua ni kwamba kipimo cha sekunde chache nilikifanya mwisho, baada ya kutoa hukumu. Nilimwomba mdogo wangu radhi. Akaniuliza hela yake ya bando itarudi lini.

Dada alipiga Jumapili iliyofuata, sauti imempwaya. Wiki nzima alidhani sisi ndio tuliomzimia simu.