Neno "Kuotea" na Hukumu ya Mwamuzi
Katika Uwanja wa Lake Tanganyika mjini Kigoma, ilikochezwa fainali ya Simba na Yanga mwaka 2021, watazamaji, kama kwingineko nchini, hupaza sauti "Ameotea!" mara mshambuliaji anapowatangulia walinzi. Neno hili ni la mwindaji: kuotea ni kuvizia, yaani kukusudia. Sheria haiulizi kusudio. Mwaka 1866 ilitaka wapinzani watatu mbele ya mchezaji, 1925, wawili, tangu 1990, kuwa sambamba na wa pili kwatosha. Wala kusimama pale si kosa mpaka aingilie mchezo: pasi ikimwendea mwenzake, mwamuzi huacha mpira uendelee. Basi mfasiri atenge "mahali pa kuotea" na "kosa la kuotea". Mabishano ya "refa" na "mwamuzi" yaweza kungoja.