Kijito Kilichofukia Bandari

Vatan Caddesi ya Istanbul ni barabara pana isiyo na uzuri wa kusimulia. Inaingia mjini kutoka magharibi kwa kuupasua ukuta wa Wabizanti, kisha inateremka taratibu kuelekea Aksaray. Mteremko huo ndio wa kuufuata. Lami hii imelala juu ya bonde la kijito kilichoitwa Lykos. Hapo ukuta unapopita bondeni ulikuwa dhaifu kuliko kwingine, na mwaka 1453, Waosmani walipouzingira mji, mizinga ya Sultan Mehmed II ikaelekezwa huko huko. Katika miaka ya 1950 serikali ya Adnan Menderes ikatandaza barabara juu ya kijito, na leo hakuna anayeona maji. Ila mguu unajua: toka ukutani hadi Aksaray, toka Aksaray hadi Yenikapı, ni kushuka tu mpaka Bahari ya Marmara.

Mahali kijito kilipokuwa kikiingia baharini, Kaizari Theodosius wa Kwanza alijenga bandari mwishoni mwa karne ya 4. Ngano ya Misri ilikuja hapo kulisha mji huu mkubwa hadi Misri ilipochukuliwa na Waarabu katika karne ya 7. Lakini kujenga bandari mdomoni mwa mto ni kukaribisha matope. Mwaka hadi mwaka Lykos ilishusha udongo wake, vyombo vikubwa vikashindwa kuingia, kisha hata vidogo. Zama za Waosmani mahali hapo palikuwa bustani za Langa, zenye sifa ya matango. Watu walipalilia mboga juu ya meli bila kujua.

Mwaka 2004 ukaanza mradi wa Marmaray, reli ya kupita chini ya Bosphorus, wazo lililokuwa limechorwa tangu enzi ya Sultan Abdülmecid mwaka 1860. Yenikapı ilichaguliwa kuwa na stesheni kubwa. Kabla ya kumwaga zege, wanaakiolojia wa Makumbusho ya Akiolojia ya Istanbul wakapewa nafasi ya kuchimba, na wakafunua eneo la zaidi ya mita za mraba 58,000. Wakatoa meli 37, za karne ya 5 hadi ya 11.

Tukae kidogo hapa kwenye meli. Fundi wa pwani yetu anayejua habari za mtepe, chombo kilichoshonwa mbao kwa kamba ya nazi kabla ya kutiwa mataruma, yaani mbavu zake, angezielewa zile kongwe zaidi: mbao ziliunganishwa ubavu kwa ubavu kwanza, mataruma yakafuata. Katika za baadaye mambo yanageuka kidogo kidogo, mataruma yanatangulia na mbao zinapigiliwa juu yake. Mageuzi yaliyokuwa yakijadiliwa kwa ushahidi wa mabaki machache ya meli yalilala pale katika shimo moja. Kati ya meli hizo zilikuwamo galei, meli za makasia za Wabizanti, ambazo mpaka hapo zilijulikana kwa maandishi na picha tu.

Meli namba 12, ya karne ya 9, ilizama na mitungi yake ya shehena. Ndani yake kilikuwamo kikapu chenye kokwa za cheri, kwa hiyo huenda ilizama msimu wa matunda hayo. Matope yasiyopitisha hewa ndiyo yaliyotunza vitu hivi. Ubao uliolowa miaka elfu ukikauka ghafla hujikunja na kupasuka, hivyo mbao zilimwagiwa maji mfululizo, zikapelekwa kwenye matangi, kisha zikaanza kunyweshwa aina ya nta inayoyeyuka majini. Kazi hiyo huchukua miaka.

Chini ya bandari palikuwa na makazi ya zaidi ya miaka 8,000 iliyopita, makaburi, na zaidi ya nyayo 2,000 za watu zilizobaki kwenye udongo.

Stesheni iliyotarajiwa mwaka 2009 ilifunguliwa Oktoba 29, 2013. Recep Tayyip Erdoğan, Waziri Mkuu wakati huo, alilalamika hadharani kwamba vyungu na vigae vilimchelewesha. Hasira ya mwenye mradi naielewa, ila kwa miaka minne hiyo siwezi kumhurumia. Na upande wa pili nao tuseme kweli: bila reli, hakuna serikali ambayo ingetoa fedha za kuchimba ukubwa ule katikati ya jiji kwa sababu ya udadisi. Aliyenuna ndiye aliyelipa.

Toka stesheni, vuka barabara kuu, uendelee kushuka. Huifikii bahari mapema. Kuna uwanja mkubwa wa mikutano ya hadhara, ardhi iliyopatikana kwa kuijaza Marmara udongo na kukamilika mwaka 2014. Lykos ilihitaji karne kadhaa kwa kazi ya namna hiyo.