Daftari la Baraza ni Mali ya Raia

Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Methali hiyo huambiwa sana mwenye duka, ambaye asipoandika alichonunua na alichouza, hushtuka siku moja akakuta duka ni tupu. Lakini yafaa vilevile kwa wilaya, kwa mji na kwa taifa. Watu wa mahali pamoja wana mali ya namna nyingi: ardhi, barabara, shule, zahanati, soko na fedha za kodi. Habari za mali hiyo zisipoandikwa, au zikiandikwa kisha zikafichwa, mwenye nguvu husema atakalo na mnyonge hukosa la kumjibu. Basi na tutazame jinsi kumbukumbu za serikali za mitaa zilivyoanza katika Kenya, jinsi nyingine zilivyopotea na nyingine zikasalimika, na jinsi raia awezavyo kuzitafuta na kuziomba.

Mwaka 1924 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuanzisha Mabaraza ya Wenyeji katika wilaya za Waafrika, na mwaka uliofuata mabaraza ya kwanza yakaanza kukutana. Mwenyekiti alikuwa Mkuu wa Wilaya, naye alikuwa Mwingereza. Wajumbe walikuwa Waafrika, baadhi wakiteuliwa na serikali na baadhi wakipendekezwa na watu wao. Baraza liliruhusiwa kutoza kodi yake lenyewe kwa ajili ya shule, njia, madaraja na dawa, lakini azimio lake halikuwa na nguvu mpaka likubaliwe na wakubwa. Kila mkutano uliandikiwa kumbukumbu: nani alikuwapo, jambo gani lilizungumzwa, fedha kiasi gani zilitengwa na kwa kazi gani. Karatasi hizo ziliandikwa kwa manufaa ya watawala. Hata hivyo, zilihifadhi ndani yake sauti za wazee ambao hawakuwa na gazeti wala kiti katika bunge la koloni.

Thamani ya kumbukumbu kama hizo yaonekana wazi katika habari za Kakamega. Mwaka 1930 ilitungwa sheria ya kulinda ardhi za wenyeji. Iliahidi kwamba sehemu ya ardhi hiyo ikitwaliwa kwa haja ya umma, wenyewe watapewa ardhi nyingine badala yake, na kwamba Baraza la Wenyeji litaarifiwa kwanza ili litoe maoni yake. Mwaka 1931 dhahabu ikaonekana Kakamega, na wachimbaji wa Kizungu wakamiminika. Haukupita muda mrefu: mwezi wa Desemba, mwaka 1932, sheria ilibadilishwa ili ardhi yenye dhahabu iweze kutengwa bila kulipwa ardhi nyingine, na bila ya lazima ya kulishauri baraza kwanza. Ahadi iliyotolewa mbele ya watu ilivunjwa kabla ya kutimiza miaka 3. Leo hatuhitaji kubishana kama jambo hilo lilitokea au halikutokea. Sheria ya kwanza ipo, na sheria ya pili ipo. Yeyote ajuaye kusoma aweza kuziweka pamoja akahukumu mwenyewe.

Lakini karatasi ni kitu dhaifu. Moto huila, mchwa huitafuna, mvua huiozesha, na mkono wa mtu huiba au huichoma. Mwaka 1939 moto uliteketeza majalada mengi katika ofisi kuu za serikali Nairobi. Hasara hiyo ingalikuwa kubwa zaidi kama nakala za taarifa nyingi zisingalikuwako wilayani na London. Hapo pana fundisho: habari iliyowekwa mahali pawili haifi kwa ajali moja.

Hasara nyingine haikuwa ajali. Mwaka 1961, uhuru ulipokuwa unakaribia, serikali ya Uingereza iliagiza makoloni yake yasiwaachie watawala wapya hati ambazo zingeweza kuiaibisha. Katika Kenya hati nyingi zilichomwa moto, na majalada yapatayo 1,500 yakasafirishwa kwenda Uingereza katika mwaka wa uhuru, 1963. Yalifichwa huko kwa muda wa karibu miaka 50. Mwaka 2009 wazee wa Kenya walioteswa wakati wa vita vya Mau Mau walifungua mashtaka katika Mahakama Kuu ya London, na mwaka 2011 serikali hiyo ikalazimika kukiri kwamba majalada yapo. Mwaka 2013 ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Ushahidi wa wazee wenyewe ulikuwa msingi wa madai yao, lakini karatasi zilizofichwa zilipotoka gizani, ilikuwa vigumu mno kuwaambia wazee hao kwamba wamesahau au wamebuni.

Baada ya uhuru, Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya mwaka 1965 iliyoanzisha Idara ya Nyaraka za Taifa. Makao yake sasa ni katika jengo la benki ya zamani, Moi Avenue, Nairobi. Humo mna taarifa za mwaka za Wakuu wa Wilaya, barua zao, taarifa walizoachiana walipokabidhiana kazi, na kumbukumbu za mabaraza.

Atafutaye habari humo hana budi kujua kwanza majina ya kale. Murang'a iliitwa Fort Hall. Kakamega ilikuwa katika wilaya iliyoitwa North Kavirondo, kisha North Nyanza. Na mtu atakaye habari za Bungoma za mwaka 1935 atazikuta katika majalada ya wilaya hiyohiyo, kwa sababu Bungoma ilikuwa bado haijatengwa. Asiyejua jina la zamani atapekua siku nzima, aondoke akidhani kwamba hakuna kitu.

Jambo la pili ni kujua nani alikuwa na kazi hiyo katika mwaka unaoutafuta. Mabaraza ya Wenyeji yaligeuzwa kuwa Mabaraza ya Wilaya ya Waafrika mwaka 1950, na wakati wa uhuru yakafuatwa na mabaraza ya kaunti. Sheria ya mwaka 1969 iliyaondolea mabaraza ya kaunti kazi ya shule za msingi, afya na barabara, ikaitia mikononi mwa serikali kuu, isipokuwa katika miji michache mikubwa. Mwaka 2013 mabaraza yote ya zamani yalikoma, zikaanza serikali 47 za kaunti. Kwa hiyo karatasi za shule moja huenda zikagawanyika: za mwaka 1960 ziko penye nyaraka za baraza, na za mwaka 1975 ziko wizarani.

Je, kumbukumbu za siku hizi ziombwe vipi? Zamani mwananchi aliomba kama mtu aombaye fadhila. Leo aomba kama mtu adaiye chake. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 35, humpa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 hueleza njia ya kufuata. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika husema kwa mdomo, na ni wajibu wa afisa kumwandikia. Mwombaji halazimiki kueleza sababu ya kutaka habari, wala hatozwi ada kwa kuomba. Aweza kutakiwa kulipa gharama ya nakala tu. Ofisi yapaswa kujibu katika siku 21, na katika saa 48 ikiwa uhai au uhuru wa mtu umo hatarini. Ikiwa habari ziko katika ofisi nyingine, ombi hupelekwa huko katika siku 5. Akikataliwa, au akinyamaziwa, raia ana siku 30 za kupeleka malalamiko yake katika Tume ya Haki ya Utawala, ambayo watu huiita Ombudsman. Kweli, zipo habari ambazo sheria huruhusu zizuiwe, kama zile za usalama wa taifa na siri za maisha ya mtu binafsi. Lakini kukataa bila sababu hakuruhusiwi.

Ombi jema ni fupi na halisi. Anayeandika, "Nataka habari zote za soko letu," hujitafutia jibu la kuchelewa. Anayeandika, "Naomba nakala ya hesabu ya fedha zilizotengwa kujenga soko letu katika mwaka wa fedha fulani, pamoja na mkataba wa mjenzi," hufunga mlango wa visingizio. Na ataje jina lake, anwani yake na tarehe, kisha abaki na nakala ya barua yake mwenyewe. Maana barua hiyo nayo imekwisha kuwa kumbukumbu.

Vijana wa shule wasidhani kwamba haya ni mambo ya mawakili na wataalamu. Historia ya kijiji haiandikwi na watu wa mbali tu. Shule yako ilijengwa kwa fedha za nani? Njia iendayo mtoni ilifungwa kwa amri gani? Kiwanja cha mchezo kilikuwa na ukubwa gani kabla hakijamegwa? Maswali haya huwa na majibu katika karatasi za ofisi fulani, na majibu hayo huokoa mali ambayo kelele za barabarani hazikuweza kuiokoa. Mabaraza huondoka, wakuu hubadilishwa, na mashahidi hufa. Daftari likitunzwa na kusomwa hubaki, nalo husema kweli kwa yule ajuaye kuliuliza.