La Gacilly: kijiji kinachotundika picha nje

Najua wengi mnangoja habari za mitihani, lakini hizo zitasubiri, kuna kitu kimenikaa kichwani na lazima nikitoe. Ni habari ya kijiji kinachoitwa La Gacilly, huku huku Bretagne, magharibi ya Ufaransa. Kila kiangazi wanatundika picha nje: barabarani, bustanini, kandokando ya mto, kwenye kuta za nyumba. Kuingia ni bure, hakuna geti wala tiketi. Nilikwenda 2025 na mwenzangu mmoja Mkongo, mtu wa Lubumbashi. Treni inakufikisha Redon tu, mbele ya hapo ni barabara.

Sasa kabla hatujaingia kijijini nirudi nyuma kidogo. (Si mnatujua watu wa historia, ukituuliza saa tunaanzia kwenye kuumbwa kwa jua.)

Picha ya kamera ya zamani kuliko zote zilizobaki duniani ilipigwa kijijini. Si Paris, si London. Nicéphore Niépce aliweka kamera kwenye dirisha la nyumba yake huko Saint-Loup-de-Varennes, katika jimbo la Burgundy, mwaka 1826 au 1827. Ndani aliweka sahani ya madini iliyopakwa lami, akaiachia jua kwa saa nane au zaidi. Kilichotoka ni mapaa ya nyumba na vivuli, ukungu ukungu hivi, usipoambiwa huwezi kujua unaangalia nini. Je, sahani ile leo iko wapi? Iko Austin, Texas, chuo kikuu, kwenye jengo la Harry Ransom Center. Kijiji kilizaa picha, picha ikahama.

Na kwa kweli ndivyo mambo yalivyoendelea kwa karibu karne mbili. Mpiga picha anatoka mjini, anafika kijijini, anapiga wazee, anapiga watoto, anapiga ng'ombe, anashukuru, anaondoka. Picha inatundikwa mjini ndani ya ukumbi wenye kiyoyozi, na watazamaji ni watu ambao hawatafika kijiji kile maishani mwao. Aliyepigwa haoni kitu. Hii si habari ya Afrika peke yake jamani, hata wakulima wa Bretagne walipigwa hivyo hivyo, na kofia zao za lesi, wakauzwa kwenye kadi za posta.

La Gacilly yenyewe ilikuwa inakufa polepole. Baada ya Vita Kuu ya Pili vijana wa Bretagne walikuwa wanakimbilia Paris kutafuta kazi, wanashukia stesheni ya Montparnasse na kubaki mitaa ya karibu. Ukienda Montparnasse leo bado utakuta migahawa ya Kibretoni, ni alama ya uhamaji ule. Mashamba yalikuwa madogo, viwanda hakuna, vijijini walibaki wazee. Hadithi mnaijua, badilisha jina la mji tu.

Sasa hapo anaingia kijana mmoja wa pale pale, Yves Rocher, aliyezaliwa 1930. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 14. Biashara yake ilianzia darini, nyumbani kwao, na bidhaa ya kwanza ilikuwa dawa ya kupaka iliyotokana na jani la porini. Dawa ya nini? Ya bawasiri, wadau. Msicheke, maana utajiri wote mtakaousikia hapa chini umetoka hapo. Alitangaza magazetini na kuuza kwa posta, kwa hiyo hakuhitaji duka Paris, mzigo ulitoka kijijini moja kwa moja mpaka kwa mteja. Mwaka 1959 kampuni ikasimama, baadaye ikahamia vipodozi vya mimea, na viwanda akavijenga pale pale nyumbani. Vijana wakapata sababu ya kubaki. Alikuwa meya wa kijiji kuanzia 1962 hadi 2008. Hesabuni wenyewe: miaka 46. Halafu aliyempokea kiti mwaka 2008 ni nani? Mwanawe, Jacques. Mzee alifariki Desemba 2009.

Jacques ndiye aliyeanzisha tamasha la picha mwaka 2004. Lakini wazo la kutoa picha nje, zikapigwa na jua na mvua na kutazamwa na mpita njia, Ufaransa nzima ilikuwa imeshaliona miaka minne kabla. Mwaka 2000 Yann Arthus-Bertrand alitundika picha zake za dunia inavyoonekana kutoka angani kwenye uzio wa chuma wa bustani ya Luxembourg, katikati ya Paris. Bure, usiku na mchana. Watu walisimama pale kama kwenye foleni ya daladala.

Na huyu Arthus-Bertrand alijifunzia wapi kupiga picha kutoka juu? Maasai Mara! Mwaka 1976 yeye na mkewe Anne walihamia Kenya kuchunguza familia moja ya simba, wakakaa miaka kama mitatu. Ili apate hela ya kula akawa rubani wa baluni, anabeba watalii asubuhi juu ya mbuga. Huko juu ndiko alikogundua kwamba ardhi ukiitazama kutoka angani inakuambia mambo ambayo ukiwa chini huyaoni. Kwa hiyo njia ya kufika kwenye uzio wa Luxembourg ilianzia Mara. Sijui kama wale waliosimama usiku kwenye uzio walilijua hilo. Mwenzangu nilipomwambia alicheka, akasema basi tuna hisa kidogo kwenye biashara hii.

Turudi kijijini. Nilichokipenda La Gacilly ni kwamba picha hazikutengewa mahali pake. Unatoka kununua mkate, unakata kona, unakuta uso wa mtu umejaa ukuta mzima, mkubwa kuliko mlango. Kijiji ni cha nyumba za mawe, chini yake unapita mto Aff, na baadhi ya mabango yamesimama kwenye majani karibu na maji. Zimechapwa kwenye vitu vinavyostahimili mvua, na mvua ya Bretagne haina adabu, inakuja Juni kama Aprili ya Dar. Ilinyesha tulipokuwa pale. Hakuna aliyekimbia. Matone yalikuwa yanateremka kwenye picha na bibi mmoja alisimama na mwavuli wake akisoma maelezo mpaka mwisho, mbwa wake amekaa juu ya kiatu chake. Kwenye jumba la makumbusho la mjini ukisogea karibu na picha unakemewa na mlinzi. Hapa watoto wanaigusa kwa kidole, wanauliza huyu ni nani.

Mara nyingi nchi au eneo fulani la dunia hupewa nafasi ya mbele: 2016 Japani, 2017 Afrika, 2020 Amerika ya Kilatini, 2024 Australia, na 2025 ikawa zamu ya Uingereza. Pamoja na hilo kuna picha za mazingira, maana tangu mwanzo tamasha limejikita kwenye watu na maumbile. Kijiji kilikuwa na wakazi wapatao 2,200 tamasha lilipoanza, leo wameungana na majirani wawili wakawa kama 4,000, na wageni kwa msimu mmoja wanafikia 300,000 hivi. Yaani barabara imegeuka. Zamani picha zilitoka kijijini kwenda mjini, sasa dunia nzima inaletwa kijijini, na watu wa mjini wanafunga safari kuja kuitazama pale.

Ila mimi siwezi kuandika hapa kama mtu wa matangazo. Familia moja iliyoshika kiwanda, umeya na tamasha, kwetu tungeiitaje? Tungeanza kunong'ona siku ya pili tu. Picha za kutetea misitu na mito zimetundikwa katika kijiji kilichojengwa na kampuni ya vipodozi, na jina la kampuni hulikosi ukipita. Tena Machi 2022 mashirika ya Sherpa na ActionAid France, pamoja na chama cha wafanyakazi cha Uturuki, Petrol-İş, walifungua kesi Paris dhidi ya kundi la Rocher, wakidai halikuzuia ukiukaji wa haki katika kampuni yake tanzu ya Uturuki, ambako wafanyakazi walifukuzwa mwaka 2018 baada ya kujiunga na chama. Mtu anaweza kusema hayo ni ya Uturuki, picha ni za hapa. Mimi naona ni pesa ileile. Lakini pia namwona yule bibi na mwavuli wake, na najua kwamba bila pesa ile angekuwa anaangalia ukuta mtupu. Nimejaribu kuchagua upande, nimeshindwa, na sioni aibu.

Kilichotukaa rohoni zaidi ni ile Afrika ya 2017. Tuliikosa, lakini tuliisoma. Msimu ulipoisha, picha zile hazikutupwa. Tamasha lilipata ndugu Austria, kwenye mji wa Baden karibu na Vienna, ambako kuanzia 2018 hupokea picha za La Gacilly za mwaka uliotangulia. Kwa hiyo Baden ilifunguliwa na Afrika. Sura za watu wetu zilitembea kutoka kijiji cha Bretagne mpaka bustani za Austria, na nimefurahi kwa ajili ya Wabretoni na Waaustria, kweli kabisa. Mwenzangu yeye aliuliza swali la Kikongo, fupi na baya: na aliyepigwa je, alialikwa?

Halafu akanikumbusha kwamba kwao walishaanza. Mwaka 2008 vijana wa Lubumbashi, akina Sammy Baloji na Patrick Mudekereza, walianzisha tamasha lao la picha na video, ambalo baadaye limekua likawa Biennale ya Lubumbashi. Unajua waliliitaje? Picha. Neno hilohilo la kwetu, lenye asili ya Kiingereza lakini limeshaoga likala ugali. Baloji mwenyewe alikuwa amechukua picha za zamani za wakoloni, akawatoa wale wafanyakazi wa migodi na kuwasimamisha upya mbele ya magofu ya migodi ya leo. Yaani watu walioondolewa wakarudishwa mahali pao, angalau kwenye karatasi.

Hilo la kurudisha ndilo limenifanya niandike usiku huu badala ya kusoma. Maana na sisi Watanzania picha zetu tunajua ziliko. Maktaba ya chuo kikuu cha Frankfurt, Ujerumani, inatunza hazina ya picha ya iliyokuwa jumuiya ya kikoloni ya Kijerumani, picha kama 55,000, na Afrika Mashariki ya Kijerumani imo. Wameziweka kwenye intaneti, mtu yeyote anaingia. Tuliporudi Rennes nikaingia, nikaandika Moshi, zikaja. Nyingi zina maelezo ya mahali au kabila, majina ya watu hakuna. Kuna wazee waliokaa wakitazama kamera kwa macho makali, na nadhani kuna wajukuu wao ambao wangewatambua kwa pua tu, kama kuna mtu angewaonyesha.

Kampuni ya vipodozi hatuna. Lakini picha ishirini zilizochapwa kwenye turubai la bango, zikatundikwa siku ya soko, hiyo haihitaji umeya wa miaka 46. Nimeshawaandikia maktaba ya Frankfurt kuuliza masharti ya kuchapa, na binamu yangu nimemtuma aulize bei ya bango moja Moshi mjini. Amesema inategemea na ukubwa. Nimemwambia apime ukuta wa nje wa ghala la kahawa.